Kuuguza ni Kusetiri: Misingi ya Utunzaji wa Wagonjwa Unguja

Wazee wetu walituachia msemo usiozeeka: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Msemo huu hutumika kwa mambo mengi ya dunia, na pengine kwa kutumika sana tumesahau maana yake ya asili. Maana hiyo ni kwamba kila mwanadamu, awe mtwana au sultani, hupokewa duniani na mikono ya mtu mwingine, na mara nyingi huondoka duniani akiwa katika mikono ya mtu mwingine. Kazi ya mikono hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza katika makala haya. Tutaeleza jinsi ilivyofanywa katika Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja kabla ya kuwapo hospitali, jinsi ilivyobadilika zilipokuja hospitali, na ni mambo gani ya kale ambayo muuguzi wa leo hana budi kuyashika ikiwa anataka mgonjwa wake apone mwili na abakiwe na heshima yake.

Na tuanze na neno lenyewe. Mtu mwenye maradhi huugua. Anayekaa naye, akamlisha, akamgeuza ubavu na kumfuta jasho, humuuguza. Mwenye kujua sarufi atashangaa, kwani kwa kawaida mnyambuliko huu huonyesha kusababisha jambo: kulia na kuliza, kujaa na kujaza. Lakini kuuguza si kumtia mtu maradhi, bali ni kushiriki katika kuugua kwake. Anayeuguza hubeba sehemu ya ugonjwa usio wake. Kadhalika, lugha yetu haikumchanganya mtu huyu na mganga wala tabibu. Mganga hutafuta sababu ya maradhi na dawa yake, naye huja na kuondoka. Muuguzi hubaki. Tofauti hii wenzetu wa Ulaya waliifanya kuwa elimu katika karne ya 19, pale Florence Nightingale alipotoa kitabu chake juu ya uuguzi mwaka 1859 na kufungua skuli ya wauguzi mjini London mwaka 1860. Sisi tulikuwa tumekwisha kuiweka katika lugha. Na Waislamu, ambao ndio walio wengi visiwani, humkumbuka Rufaida wa Madina, aliyewatunza majeruhi katika hema lake zama za Mtume.

Uuguzi wa nyumbani

Katika nyumba ya Kiswahili mgonjwa hakuwa mtu wa kutengwa. Alitandikiwa kitanda cha kamba au mkeka katika chumba cha ndani, na jamaa wakapangiana zamu. Kulikuwa na mwenye kumpikia uji, mwenye kumkanda, na mwenye kukaa kichwani pake usiku akimsomea. Waliokuja kumtazama hawakuingia ila kwa hodi, na hawakuketi mpaka waambiwe karibu. Mwanamume mgonjwa aliuguzwa na mkewe, mama yake au wanaume wenzake. Mwanamke aliuguzwa na wanawake. Uchafu wa mgonjwa ulikuwa siri ya mwenye kuuguza. Kulitoa nje jambo la kitandani kulihesabiwa kuwa ni aibu kubwa kuliko hata kuukataa uuguzi wenyewe.

Uzazi ulikuwa na taratibu zake. Msichana alifunzwa na kungwi wake juu ya mwili wake, usafi wake na mambo ya unyumba. Fatma binti Baraka, aliyejulikana na dunia nzima kwa jina la Bibi Kidude kwa sababu ya taarabu, alikuwa pia mwalimu wa unyago mpaka uzeeni. Alifariki dunia mwaka 2013. Uchungu ulipofika aliitwa mkunga, mwanamke mtu mzima, aliyejifunza kwa mama yake au bibi yake. Baada ya kujifungua, mzazi alikaa ndani siku arubaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja, akapewa uji wenye pilipili manga na supu, wala hakuachiwa kazi nzito. Anayedhani kwamba haya yote ni ushirikina na afikirie upya. Katika siku hizo arubaini mwanamke aliyepungukiwa na damu na nguvu alipata mapumziko, chakula na watu wa kumtazama, mambo ambayo hospitali yoyote ya leo ingependa kila mzazi ayapate.

Lakini hatutaki kuyasifu ya kale kwa kuwa ni ya kale tu. Mkunga hakuwa na la kufanya mzazi alipotokwa na damu nyingi, wala mtoto alipolala vibaya tumboni. Wembe usiochemshwa, au dawa ya majani iliyowekwa juu ya kitovu kibichi, iliweza kuleta pepopunda na kumuua mtoto aliyezaliwa salama. Mapenzi yalikuwapo, ujuzi ulipungua. Huo ndio ukweli, na ni lazima tuuseme mbele ya vijana.

Maradhi ya bandari

Unguja ilikuwa bandari ya dunia, na bandari hupokea zaidi ya biashara. Kipindupindu kiliingia mara kadhaa katika karne ya 19. Katika ule wa mwaka 1859 alifariki mama yake Bibi Salme binti Said, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na ambaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 aliandika pia juu ya namna wagonjwa walivyotibiwa katika majumba ya kifalme. Basi hata kuta nene za jumba la sultani hazikuweza kuyazuia maradhi yale.

Kikaja tena mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870. Wakati huo alikuwapo mjini daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyetoa kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1876. Tunalotaka msomaji alizingatie ni njia aliyoifuata. Ili ajue maradhi yalipita wapi, iliwabidi wasafiri na wafanya biashara wamweleze habari za misafara, masoko na desturi za watu wa bara na pwani. Ujuzi wake wa kitabibu ungekuwa bure bila ya ujuzi wao wa njia.

Jambo la pili ni la lugha. Mwaka 1870 ilizuka mjini homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Wazee wa mji hawakubabaika. Walisema kwamba waliwahi kuiona zamani, yapata mwaka 1823, na jina lake walilijua: kidingapopo, au kama Christie alivyolisikia, kidinga pepo. Wako wataalamu wanaosema kwamba jina la homa hiyo linalotumika leo duniani, dengue, limetokana na neno hili la Kiswahili. Ikiwa ni hivyo au sivyo, funzo ni lile lile. Kumbukumbu ya wazee wasiosoma utabibu ilihifadhi jina na dalili za ugonjwa kwa miaka karibu 50, na daktari aliyekuwa tayari kuwasikiliza alifaidika.

Tusisahau pia kwamba hatua moja kubwa ya afya katika karne ile ilikuwa ya maji. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji safi ya chemchemi kwa mfereji. Watu wengi waliepushwa na maradhi ya tumbo bila ya kumeza dawa.

Hospitali za mwanzo

Mwishoni mwa mwaka 1860 walifika Unguja mapadre wa Kifaransa kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na masista, wakaanzisha nyumba ya kuwatunza wagonjwa. Misheni ya Kiingereza ya Vyuo Vikuu nayo, ambayo makao yake yalihamia Unguja mwaka 1864, ilijenga hospitali Mkunazini mwishoni mwa karne hiyo, karibu na kanisa kuu lililosimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ufukweni, mfanya biashara wa Kihindi Tharia Topan aliweka mwaka 1887 msingi wa jumba lililokusudiwa kuwa hospitali ya hisani. Alifariki mwaka 1891 kabla halijamalizika. Lilimalizika mwaka 1894, na baadaye likatumika kuwa zahanati. Mpaka leo watu huja kuzitazama nakshi za roshani zake. Katika kisiwa cha Changuu nako kulitengwa mahali pa kuwaweka wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Kwa nini basi watu wengi wa Ng'ambo na mashamba waliziogopa hospitali hizi kwa muda mrefu? Wakoloni walizoea kusema kwamba ni ujinga. Sisi twaona kwamba hofu ile ilikuwa na sababu. Mwislamu alijiuliza kama atakuwa na faragha ya kuswali katika nyumba ya misheni. Mwanamke alijiuliza kama atavuliwa nguo mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Familia ilijiuliza nani atamtamkisha shahada mgonjwa wao akikata roho usiku, na nani atamwosha. Haya yalikuwa maswali ya watu wenye akili zao, na hospitali isiyoyajibu ilionekana kuwa ni mahali pa kwenda kufia peke yako.

Jibu lilianza kupatikana katika mambo ya uzazi. Mwaka 1918 kiliundwa Chama cha Uzazi cha Zanzibar, kwa michango ya jumuiya mbalimbali za mji na msaada wa serikali, kwa madhumuni ya kuwafunza wakunga na kuwahudumia wazazi. Fikra iliyokuwa ndani yake ilikuwa nzuri: ikiwa mwanamke haendi kwenye ujuzi, basi ujuzi umfuate mwanamke, tena kwa mikono ya mwanamke mwenziwe. Lakini ujuzi huo ulihitaji wasichana waliosoma, na skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927 tu. Hata hapo wazazi wengi walisita. Walikubali binti yao asome. Walichokuwa na wasiwasi nacho ni binti huyo kulala kazini usiku na kuwagusa wanaume wasio jamaa zake. Wanawake wa mwanzo waliovaa sare nyeupe katika visiwa hivi walistahimili maneno mengi ya mitaani. Walishinda kwa mwenendo wao. Mtaa ulipoona kwamba binti wa fulani ni nesi na bado ana haya na adabu, mtaa uliofuata ulimtoa binti yake.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliubadilisha uhusiano wa mwananchi na hospitali. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila ya malipo, na hospitali kuu ya Mnazi Mmoja, ambayo kwa miaka kadhaa iliitwa hospitali ya V. I. Lenin, ikawa ya kila mtu. Madaktari wengi waliokuwapo waliondoka, na mahali pao wakaja wageni wa kirafiki. Kikosi cha mwanzo cha madaktari wa China kilifika mwaka 1964, na vikosi vyao vimeendelea kuja tangu hapo.

Sasa lilizuka tatizo jipya. Daktari alijua kazi yake lakini hakujua Kiswahili, na mgonjwa alijua kuumwa kwake lakini hakujua lugha ya daktari. Katikati alisimama muuguzi wa Kizanzibari. Yeye ndiye aliyejua kwamba mwanamke anayelalamika chango huenda anazungumzia maumivu ya hedhi, na kwamba mzee asemaye moyo unamwenda mbio huenda ana khofu tu ya kulala ugenini. Daraja hili halikuandikwa katika orodha ya mishahara, lakini bila ya hilo dawa nyingi zingekwenda pasipostahili.

Mafunzo yakakua. Mwaka 1989 kilianzishwa Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya huko Mbweni, ambacho baadaye kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mbweni ndipo misheni ilipowaweka na kuwasomesha wasichana waliotolewa katika utumwa katika karne ya 19. Ardhi iliyowapokea wasiokuwa na jamaa imekuwa ardhi ya kuwafunza wenye kuwahudumia jamaa za wengine.

Kisa cha kanga

Tuna kisa kimoja ambacho hatutakitaja mahali pake, kwani makusudio yetu si kumlaumu mtu. Tulipokuwa vijana wa skuli, bibi mzaa mama yetu alilazwa. Alikuwa mtu wa shamba, hajapata kulala nje ya nyumba ya jamaa zake. Muuguzi kijana, mwenye haraka na wagonjwa wengi, alimvua kanga ya kichwani mbele ya watu, akamwambia, "Wewe, geuka huku." Alikuwa na umri wa mjukuu wake. Bibi aligeuka. Kutoka saa ile hakusema neno, hakula, na vidonge alivificha chini ya mto. Siku ya tatu daktari aliandika kwamba dawa haimsaidii.

Jioni ile iliingia zamu ya muuguzi mtu mzima. Alisimama mlangoni akasema, "Hodi, bibi. Shikamoo." Bibi hakujibu. Yule mama akavuta pazia, akamfunika kanga yake kichwani, akamuuliza kwao ni wapi na nani kabaki na kuku wake. Bibi akalia. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," akaingiza mkono chini ya mto na kuvitoa vidonge vyote. Siku ya nane tulirudi naye nyumbani. Dawa ilikuwa ni ile ile. Tumeishi kwa miaka mingi tukijiuliza ingekuwaje lau zamu ya mama yule ingechelewa siku mbili.

Misingi ya kushikwa

Kutokana na historia hii twaweza kutoa misingi minne. Wa kwanza ni stara. Pazia, shuka, hodi na kuomba ruhusa kabla ya kugusa ni sehemu ya tiba. Wa pili ni lugha. Mgonjwa aitwe kwa jina la heshima, bibi, babu, mama, kaka, na maneno yake ya ugonjwa yasikilizwe kabla ya kusahihishwa. Wa tatu ni ibada. Mgonjwa asiyeweza kutia udhu asaidiwe kutayamamu, aelekezwe kibla akitaka, na mwenye dini nyingine apewe haki hiyo hiyo ya dini yake. Wa nne ni jamaa. Jamaa anayelala sakafuni karibu na kitanda si msumbufu wa kufukuzwa, ni muuguzi msaidizi anayehitaji kuelekezwa.

Je, hii ina maana kwamba kila desturi ikubaliwe? La, hasha. Muuguzi mtaalamu wa Marekani, Madeleine Leininger, aliyejenga elimu ya uuguzi unaozingatia utamaduni, alifundisha kwamba ziko desturi za kuhifadhiwa, ziko za kupatanishwa na tiba, na ziko za kugeuzwa. Tukizitazama zetu kwa jicho hilo tutaona njia wazi. Mapumziko ya arubaini na uji wa mzazi vihifadhiwe. Funga ya Ramadhani ya mwenye kisukari ipatanishwe: muuguzi na azungumze naye kabla ya mwezi kuandama, amkumbushe kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na ikiwa hali yake inaruhusu kufunga, daktari apange upya saa za dawa zake. Dawa ya kienyeji juu ya kitovu cha mtoto mchanga iachwe.

Mfano mgumu zaidi ni degedege. Wengi wa watu wa pwani waliamini kwamba mtoto anayetupa viungo na kugeuza macho amepatwa na dege, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Kwa hivyo alipelekwa kwanza kwa mganga, na alipofikishwa hospitali mara nyingi alikuwa amechelewa, kwani degedege lile lilikuwa ni homa kali, na aghalabu malaria iliyopanda kichwani. Mtoto aliyechelewa akafa baada ya sindano, na imani ikapata ushahidi. Muuguzi anayemcheka mama huyu atamwogofya mama wa pili. Muuguzi anayejua imani hiyo atamwambia: "Mama, hili ni degedege kweli, nalo lina dawa hapa, umefanya vyema kumleta, na ingelifaa zaidi umlete homa ilipoanza." Hakudanganya wala hakudharau, na mtoto anapata sindano yake.

Kadhalika na matende na mabusha. Wenye maradhi hayo walijificha kwa aibu, na wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ilipoanza mwaka 2001 kampeni ya kumeza dawa visiwa vizima, waliogawa dawa nyumba kwa nyumba walikuwa ni watu wa mitaa na vijiji hivyo hivyo, wanaojua kupiga hodi kwa nani na saa ngapi. Raundi za kila mwaka ziliendelea hadi mwaka 2006, na maambukizo yakapungua sana.

Hitimisho

Ndugu walimu na wanafunzi, tumezoea kuuhesabu utamaduni wa taifa kwa ngoma, mashairi na milango ya nakshi. Hayo ni utamaduni, na sisi tuliojaribu kutunga beti mbili tatu hatuwezi kuyapunguza. Lakini namna taifa linavyomgeuza mgonjwa wake ubavu ni utamaduni pia, tena ule usioweza kuigizwa jukwaani. Twawaomba wanafunzi waende kwa bibi zao na wakunga wastaafu wa mitaani mwao, waulize na kuandika: walikuwa wakisema nini kwa mwanamke mwenye uchungu, walikuwa wakiketi upande gani wa kitanda, jambo gani walilifanya ambalo sasa wanajua kuwa lilikuwa kosa. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Na wale miongoni mwenu watakaoichagua kazi hii, wajue kwamba hawaendi kujifunza jambo geni. Wanakwenda kuongeza ujuzi juu ya mapenzi, jambo ambalo mkunga wa zamani hakuwahi kulipata, na wanakatazwa wasipoteze mapenzi kwa ajili ya ujuzi, jambo ambalo mkunga wa zamani hakuwahi kulifanya. Uzazi ungalipo, na maradhi yangalipo. Iko siku ambayo kila mmoja wetu atalala akisubiri kusikia mlangoni sauti ya mtu anayesema hodi.